Sindano za wiki ya sita

Mwanangu wa kwanza alichomwa sindano zake za wiki ya sita akiwa amelazwa chali juu ya meza iliyotandikwa mpira mwekundu, nami nikiwa nimeagizwa nimshike magoti yote mawili asirushe miguu. Nilimshika kweli, tena kwa nguvu, kama anavyoshikwa kuku wa kuchinjwa. Alilia mpaka sauti ikakatika, mdomo ukabaki wazi bila kutoa mlio, na nilipomnyanyua nilimkuta jasho limemlowesha kisogo. Mhudumu aliyemchoma alinipa kipande cha pamba na kuniambia maneno ambayo kila mama hapa Tabora amewahi kuyasikia, kwamba mtoto lazima alie. Nilishukuru, nikamfunika khanga, nikatoka nje kutafuta bajaji.

Miaka minne baadaye binti yangu alichomwa sindano hizo hizo, katika umri ule ule, akiwa ananyonya. Alitoa ukelele mmoja mfupi, akaachia titi, akanitazama kwa mshangao kama mtu aliyekanyagwa mguu kwenye foleni, kisha akarudi kunyonya. Chanjo zilikuwa zile zile na sindano zilikuwa za urefu ule ule. Kilichobadilika ni mahali mtoto alipokuwa wakati anachomwa, na kitu kilichokuwa mdomoni mwake. Nimeona niandike jambo hili kwa urefu kwa sababu kila ninapolisimulia kwa wenzangu hapa Isevya au Ng'ambo hunijibu kwamba hawakujua kuwa inaruhusiwa, na ukweli ni kwamba hata mimi sikujua, ingawa nafundisha baiolojia sekondari na ningepaswa kujua.

Tuanze na hesabu. Kwa ratiba iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya binti yangu, mtoto huchomwa chanjo ya kifua kikuu begani mara anapozaliwa. Akifikisha wiki ya sita huchomwa mapaja yote mawili: upande mmoja ni ile chanjo ya pamoja inayozuia dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na bakteria wa Hib, na upande wa pili ni chanjo ya nimonia. Wiki ya kumi hurudiwa zote mbili. Wiki ya kumi na nne hurudiwa tena, na hapo huongezwa sindano ya polio, kwa hiyo siku hiyo ni sindano tatu kwa mara moja, na kwa maoni yangu ndiyo siku ngumu kuliko zote. Miezi 9 ni surua na rubela, na miezi 18 ni surua na rubela tena. Jumla ni sindano 10 kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, mbali na matone ya polio na ya kuhara ambayo hayaumizi mtu. Bibi yake mtoto, yaani mama yangu mzazi, husema kwamba enzi zao sindano hazikuwa nyingi hivi, na katika hilo yuko sahihi kabisa: chanjo ya nimonia na ile ya kuhara ziliingia katika ratiba ya nchi yetu mwaka 2013, na sindano ya polio ikafuata mwaka 2018. Watoto wetu wanakingwa dhidi ya magonjwa mengi zaidi kuliko tulivyokingwa sisi, na malipo yake ni hizo sindano za ziada. Mimi nazilipa bila kinyongo. Ninachouliza ni kwa nini tuzilipe kwa maumivu makubwa kuliko yanayohitajika.

Jibu moja ni la kihistoria na linashangaza. Mpaka miaka ya 1980 madaktari wengi, tena wa nchi zenye hospitali kubwa, waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima, kwamba mishipa yake ya fahamu haijakomaa na kilio chake ni mwitikio tu wa mwili. Mwaka 1985, katika jiji la Washington nchini Marekani, mtoto njiti aitwaye Jeffrey Lawson alifanyiwa upasuaji wa moyo akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli asiweze kujitikisa, lakini hakupewa dawa ya kuzuia maumivu. Mama yake aligundua baadaye, mtoto akiwa amekwisha kufa, akalipeleka jambo hilo hadharani. Mwaka 1987 watafiti Anand na Hickey walichapisha makala iliyokusanya ushahidi kwamba njia za maumivu kwa mtoto mchanga zinafanya kazi, na tangu hapo mtu aliyedai kwamba mtoto hasikii alitakiwa kujieleza. Nilipomsomea mama habari hiyo alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama madaktari hao walikuwa na watoto.

Jibu la pili ni lile la kwetu: mtoto atasahau. Hatakumbuka kwa akili, hilo ni kweli, lakini mwili una daftari lake. Mwaka 1997 Anna Taddio na wenzake wa Toronto, Kanada, walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa kiume waliotahiriwa wachanga na wasiotahiriwa, wakiwatazama wanapochomwa chanjo wakiwa na miezi minne au sita. Waliotahiriwa walionyesha maumivu makali zaidi wakati wa chanjo, na miongoni mwao wale waliopakwa dawa ya ganzi kabla ya kutahiriwa walionyesha maumivu kidogo kuliko wale waliopakwa krimu isiyo na dawa. Katika mji kama wetu, ambamo familia nyingi hutahiri watoto wakiwa bado wachanga, nadhani habari hiyo inastahili kujulikana.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo wake kuhusu kupunguza maumivu wakati wa chanjo, na msimamo huo ndio ulionifungua macho, kwa sababu karibu kila kinachopendekezwa ndani yake hakigharimu hata shilingi. Unataka mzazi au mlezi awepo. Mtoto apakatwe, asilazwe chali, kwa kuwa kulazwa na kubanwa humwongezea hofu. Mama anyonyeshe wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake. Mhudumu asivute bomba nyuma kutafuta damu baada ya sindano kuingia, kwa kuwa paja na bega mahali panapochomwa chanjo hapana mishipa mikubwa ya damu, na kule kuvuta kunairefusha tu safari ya sindano ndani ya msuli. Chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho. Na lugha inayotumika iwe ya utulivu na ya kweli. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji umeme, bajeti au kibali kutoka Dodoma.

Nitakaa zaidi kwenye kunyonyesha, kwa sababu ndilo lililonisaidia na ndilo linalozua ubishi.

Siku ya wiki ya sita ya binti yangu tulifika zahanati saa mbili kasorobo asubuhi. Tulipanga kadi dirishani, tukasikiliza elimu ya afya kuhusu lishe, tukapanga foleni ya kupima uzito kwenye mzani wa kuning'inia, kila mtoto na kaptura yake ya kupimia aliyoshonewa nyumbani. (Ya kwetu ilishonwa na bibi yake kwa kitenge kilichobaki kwenye gauni lake, na ina mfuko mmoja mdogo ambao mpaka leo hajanieleza ni wa kutia nini.) Tulipofika kwenye chumba cha chanjo nilimkuta nesi wa makamo, miwani imeshuka hadi katikati ya pua, akipanga vichupa juu ya pakiti za barafu.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba mwanangu. Mlaze hapo."

"Sista, naomba nimnyonyeshe wakati unamchoma."

Aliacha kupanga vichupa. "Akipaliwa je?"

Nilimwambia kwamba nimesoma kuwa wasiwasi huo haujathibitishwa na tafiti, kwamba nitamtazama mtoto muda wote na nikiona anakohoa nitamtoa kwenye titi. Aliniangalia, akaiangalia foleni iliyokuwa imefika mpaka chini ya mwembe, akasema haya, lakini nisimcheleweshe. Kwanza akampa matone ya polio na yale ya kuhara, mtoto akiwa bado mtulivu, jambo ambalo nimekuja kuona kwamba ni la busara, kwa kuwa mtoto anayelia huyatema. Kisha nikakaa kwenye kiti, nikamweka titi la kushoto.

Hapa kuna jambo ambalo sikulisoma popote na nililigundua pale pale kwenye kiti. Chanjo ya kwanza huchomwa paja la kushoto. Ukimpakata mtoto kwenye titi la kushoto kwa namna ya kawaida, tumbo lake likiwa limekuelekea, paja lake la kushoto ndilo linalokuwa juu, wazi, mbele ya nesi. Ukimpakata kwenye titi la kulia, paja hilo linakuwa chini, limelaliwa, na nesi atalazimika kumgeuza mtoto na kuvuruga kila kitu. Kwa hiyo paja la kushoto linataka titi la kushoto, na paja la kulia linataka titi la kulia. Niliushika mkono wake wa juu kwa vidole viwili, nikaubana mguu wake taratibu kwa kiganja karibu na goti ili usiruke, nikasubiri. Kusubiri huko ni muhimu. Mtoto akishikwa na kuwekwa titi na kuchomwa papo hapo hajapata faida yoyote. Inatakiwa awe ameshika vizuri, anavuta na kumeza kwa mpangilio, shavu likipanda na kushuka. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka kama dakika moja na nusu hivi, muda ambao nesi aliutumia kuandika kwenye kadi na kwenye rejesta, kwa hiyo hakuna aliyecheleweshwa.

Sindano ikaingia, nusu mililita ikasukumwa, bomba likajifunga lenyewe kama yanavyofanya mabomba ya siku hizi, likatumbukizwa kwenye boksi la usalama. Ndipo ukaja ule ukelele mmoja niliousimulia. Nikamhamishia titi la kulia, tukasubiri tena kidogo, nesi akachoma paja la pili. Safari hii alilia zaidi, labda kwa muda wa mtu kukunja khanga, kisha akanyamaza akiwa bado ananyonya, machozi mawili yakiwa yamesimama kwenye pembe ya jicho. Nesi alishusha miwani kabisa, akamtazama, akasema, "Kumbe."

Sababu za kufanya kazi kwa njia hii si za ajabu. Mtoto anakuwa amegusana ngozi kwa ngozi na mtu anayemfahamu, anasikia harufu yake, kinywa kina kazi ya kufanya, na maziwa yenyewe ni matamu. Mambo hayo yote huingia kwenye ubongo kwa wakati mmoja na taarifa ya sindano, na yanaipunguzia nguvu. Maziwa yakikamuliwa na kunyweshwa kwa kijiko hayafikii kiwango hicho, maana titi ni zaidi ya maziwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 chini ya mtandao wa Cochrane, yakiongozwa na Denise Harrison, yalikusanya tafiti 10 zenye watoto 1,066 waliovuka umri wa uchanga, na yakaonyesha kwamba walionyonyeshwa wakati wa sindano walilia kwa muda mfupi zaidi kuliko wale waliolazwa au kupewa maji tu. Kuna akina mama wanaoniuliza kama mtoto hatalichukia titi kwa kulihusisha na maumivu. Wangu hakulichukia. Alinyonya njia nzima kurudi nyumbani, akanyonya tulipofika, na usiku akanyonya kana kwamba kuna mtu aliyemwambia kesho halitakuwepo.

Sasa nije kwenye asali, na hapa naomba radhi mapema kwa wazee wangu.

Nilipomweleza mama kwamba utamu hupunguza maumivu ya mtoto, macho yalimng'aa. Mama yangu amekulia Sikonge, baba yake alikuwa na mizinga porini, na kwake asali ni chakula, ni dawa ya kikohozi, ni dawa ya kidonda, na ile ya nyuki wadogo ni dawa ya karibu kila kitu kilichobaki. Siku ya wiki ya kumi nilimkuta akiwa ametia chupa ndogo kwenye mkoba wangu wa kliniki, imefungwa kwa kipande cha nailoni.

"Tone moja tu ulimini, mwanangu, kabla hajachomwa. Hata wewe ulilambishwa."

"Mama, hii hapana. Hajatimiza mwaka."

"Na wewe ulikuwa umetimiza mwaka?"

Sikuwa nimetimiza, na niko hai, na hiyo ndiyo hoja ngumu kuliko zote kuijibu ukiwa unaongea na mama yako. Lakini jibu lipo. Asali, hata iwe safi kiasi gani, hata iwe imetoka kwenye mzinga jana, inaweza kuwa na mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Kwa mtu mzima mbegu hizo hupita tu tumboni. Utumbo wa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja bado haujawa na walinzi wa kutosha, kwa hiyo mbegu zinaweza kuota humo na kutoa sumu inayolegeza misuli: mtoto anashindwa kunyonya, kilio kinakuwa dhaifu, shingo inalegea, na hatimaye pumzi inakuwa shida. Hutokea kwa nadra, na ndiyo maana bibi zetu wengi hawakuiona. Kuichemsha asali hakuziui mbegu hizo. Nilimweleza mama hayo yote tukiwa tumekaa ukumbini, akasikiliza mpaka mwisho, akaitoa chupa kwenye mkoba, na jioni akaitia asali hiyo kwenye uji wake mwenyewe bila kusema neno.

Yapo pia maji ya sukari. Katika hospitali nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini mtoto mchanga anayetobolewa kisigino au kuchomwa sindano hupewa matone machache ya maji ya sukari ya asilimia 24, yaliyotengenezwa kiwandani na kufungwa kwa usafi, na yanasaidia. Mimi sikuyatumia na sishauri mtu ayakoroge nyumbani kwake. Mtoto wa chini ya miezi sita tunaambiwa anyonye tu, maji yetu tunayajua yanatoka wapi, na mwenye titi hana haja ya kikombe.

Jirani yangu mmoja ana njia nyingine, na najua si yeye peke yake: asubuhi ya siku ya kliniki, kabla hata hawajatoka nyumbani, humpa mtoto parasetamoli ya maji ili sindano imkute tayari amelindwa. Nia ni njema. Ila dawa hiyo haizuii uchungu wa sindano inapoingia, na kuna sababu nyingine ya kuiacha. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika Jamhuri ya Cheki kwa watoto 459, ambao baadhi yao walipewa parasetamoli ya kuzuia homa tangu siku ya chanjo na wengine hawakupewa. Waliopewa walipata homa kidogo, kama ilivyotarajiwa, lakini miili yao ilitengeneza kinga ndogo zaidi dhidi ya baadhi ya magonjwa katika chanjo hizo. Kwa hiyo chupa ibaki kabatini. Mtoto akipata homa jioni au kesho yake na ikamsumbua, hapo apewe, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake kama nesi alivyoelekeza, na uzito wake si mmeupima asubuhi hiyo hiyo.

Paja likivimba au likiwa gumu kidogo, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi kinatosha. Kukandwa kwa maji ya moto, kuchuliwa, kupakwa mafuta ya taa au kitunguu, yote hayo nimeyaona na yote hayana faida. Kidonda cha bega cha chanjo ya kifua kikuu nacho hutoka wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, huiva, hukauka na kuacha kovu. Kisikamuliwe wala kisifungwe dawa. Lakini mtoto akilia mfululizo kwa saa tatu na zaidi, akipata degedege, au akilegea asiweze kunyonya, arudishwe kituoni bila kungoja asubuhi.

Limebaki jambo la maneno, ambalo naliona zito kuliko tunavyolichukulia. Mtoto wa wiki sita haelewi maneno, ila anaielewa sauti, na mama anayetetemeka humtetemesha mtoto. Wa miezi 18 anaelewa mengi. Katika nyumba zetu sindano ni fimbo ya pili: nyamaza au daktari atakuchoma, kula au twende hospitali. Tunamlea mtoto mwaka mzima akijua sindano ni adhabu, halafu siku ya chanjo tunamwambia haiumi, na inapouma anajifunza mambo mawili kwa pamoja, kwamba ameadhibiwa na kwamba mama yake ni mwongo. Mwanangu wa kwanza nilimlea hivyo hivyo. Alipofikisha miezi 18 alianza kupiga kelele tulipokata kona ya barabara ya kwenda zahanati, kabla hata hatujaliona jengo. Sasa najaribu kusema kitu kilicho kweli, kwamba itauma kidogo halafu itaisha na mama yuko hapa, na wakati wa kuchomwa nampa kitu cha kumshughulisha, kwa kawaida funguo, kwa sababu simu nikimpa huwa siipati tena kirahisi.

Wahudumu nao nawaelewa. Asubuhi moja nesi mmoja anaweza kuwa na watoto arobaini, rejesta mbili za kujaza, vichupa vinavyotakiwa kubaki kati ya nyuzi joto 2 na 8, na akina mama wanaotaka kuwahi sokoni. Meza na neno la "mlaze hapo" ni njia ya haraka. Nadhani ndiyo maana ombi linafaa kutoka kwetu, kwa heshima, kabla hajashika bomba. Katika ziara zangu zote na binti yangu nimekataliwa mara moja tu, na mhudumu mwingine. Siku hiyo nilimnyonyesha nje chini ya mwembe mpaka nilipoitwa, nikaingia naye akiwa ameshiba na mzito wa usingizi, nikampakata wima kifuani badala ya kumlaza, na baada ya sindano nikamrudisha titini pale pale. Alilia zaidi ya mara zile nyingine, lakini hakulia kama kaka yake.

Siku ya miezi 9 tulingoja muda mrefu. Chanjo ya surua na rubela huja kwenye kichupa cha dozi 10, nacho kikishachanganywa kinatakiwa kumalizwa ndani ya saa sita au kimwagwe, kwa hiyo Sista hakutaka kukifungua kwa ajili ya watoto wawili. Tulikaa kwenye benchi mpaka wakapatikana saba. Nilipoingia alinikumbuka, akavuta kiti mwenyewe, akaniambia nimpakate titi la kushoto maana leo ni mkono wa kushoto, kisha akamgeukia binti mdogo aliyekuwa nyuma yangu na kumwambia, "Na wewe mwanangu anza kumnyonyesha wako kabisa, nikimaliza huyu nakuja." Nikakaa, nikamweka, nikasubiri avute vizuri.

Nilichosahau ni kwamba tangu wiki ya kumi na nne binti yangu alikuwa ameota meno manne. Sindano ilipoingia hakulia hata kidogo. Aliuma. Aliyepiga kelele chumbani mle ni mimi, na Sista akiwa bado ameshika pamba kwenye mkono wa mtoto aliniambia, "Pole mwanangu. Wewe chanjo yako hatuna."